Altare Juu ya Mnada: Jiwe na Neno katika Kanisa Kuu la Mkunazini

Utangulizi

Ukitaja fasihi, watu hufikiria vitabu. Hata sisi wanafunzi tumelizoea wazo hilo: matini ni kile kilichopigwa chapa, kikatiwa jalada, na ambacho ukiwa na bahati utakikuta katika rafu za maktaba kabla mwenzako hajakiazima. Tukifika kwenye fasihi simulizi tunakimbilia ngano, vitendawili na methali, kana kwamba watu hawana mahali pengine wanapotumia maneno kwa sanaa. Na ibada je? Kila wiki maelfu kwa maelfu ya wasemaji wa Kiswahili hukaa pamoja wakasema maneno yaleyale kwa sauti moja, wengi wakiwa wameyahifadhi tangu utoto, na mhakiki hapiti hata kuchungulia. Eti hayo ni ya mapadri na masheikh.

Makala haya yanataka kuchungulia. Nimechagua jengo moja na ibada yake moja: Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana, lililoko Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja. Nimelisoma mara mbili. Jumamosi nililisoma kama mtalii, nikalipa kiingilio na kutembezwa. Jumapili nililisoma kama msali, nikakaa kwenye benchi na kufuata ibada mwanzo hadi mwisho. Kumbe nilikuwa nimesoma matini mbili tofauti. Hoja yangu ni kwamba katika jengo lile jiwe na neno havisimulii kisa kimoja. Jiwe linasimulia habari za waliokomboa. Neno linasimulia habari za waliokombolewa. Mhakiki akisikiliza jiwe peke yake atakuwa amesikia nusu ya kisa, tena nusu ile yenye kelele.

Soko na jiwe la msingi

Kwanza historia, kwa ufupi. Kufikia miaka ya 1860, wanahistoria wanakadiria kwamba watumwa wapatao 20,000 kwa mwaka walikuwa wakiletwa Unguja kutoka bara, wengi wao wakitokea pande za Ziwa Nyasa na kupitia Kilwa. Baadhi walibaki kwenye mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, wengine wakavushwa kwenda Uarabuni na Ghuba. Soko la wazi lilikuwa hapo Mkunazini. Mwezi Juni 1873, Sultani Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza kupitia balozi wao John Kirk, tena kwa vitisho vya manowari kukizingira kisiwa, alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko ya hadhara.

Wamisionari wa UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, walikuwa Unguja tangu 1864. Hawakupoteza wakati. Mmoja wao, Kasisi Arthur West, alinunua sehemu ya kiwanja cha soko, na sehemu nyingine ikatolewa na mfanyabiashara tajiri wa Kihindi aliyeitwa Jairam Senji. Jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka uleule wa 1873. Ibada ya kwanza ikafanyika siku ya Krismasi 1877, jengo likiwa bado halijamalizika. Aliyesimamia kazi hiyo ni Edward Steere, yuleyule tunayemkuta katika historia ya isimu ya Kiswahili. Alikuwa askofu kuanzia 1874 hadi alipofariki mwaka 1882, naye amezikwa ndani ya kanisa hilo, nyuma ya altare.

Mpaka hapo kisa kinapendeza: soko limefungwa, kanisa limejengwa, mnada umegeuka altare. Lakini ndugu msomaji, hebu tupige hesabu. Mkataba wa 1873 ulikomesha biashara. Utumwa wenyewe haukuguswa. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na hata hapo mtumwa aliyetaka uhuru ilimbidi aende mwenyewe kuudai mahakamani, na bwana wake akalipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka 1909. Maana yake ni kwamba kwa miaka 20 baada ya ibada ile ya kwanza, kengele za Mkunazini zililia katika mji uliojaa watumwa. Watu waliosali ndani walikuwa huru, na nje ya mlango palikuwa na watu ambao bado walikuwa mali ya watu.

Si hayo tu. Katika Unguja ya wakati ule kazi nyingi za kutwa, kubeba mizigo, kuponda mawe, kupasua kuni, zilifanywa na vibarua. Neno lenyewe latokana na barua: ile hati ndogo anayopewa mfanyakazi ili akaonyeshe wakati wa malipo. Vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Kwa hiyo jengo la kutangaza mwisho wa soko lilipandishwa, jiwe juu ya jiwe, katika mji ambao kazi ya mikono ilikuwa bado ni kazi ya mtumwa. Tulikumbuke hilo tunapoingia ndani.

Jumamosi: jiwe linavyosimulia

Jumamosi nilijiunga na kundi la wageni. Mtembezaji wetu alikuwa kijana hodari wa lugha, akihama kutoka Kiingereza kwenda Kitaliano bila kuvuta pumzi. Mimi akanitupia Kiswahili kidogo pembeni, kama mtu anayemgawia ndugu yake.

Jengo lenyewe lazima nilisifu. Ukiingia kutoka kwenye jua la Mkunazini unapokelewa na ubaridi wa kuta nene za mawe ya matumbawe. Ukitazama juu, hakuna boriti. Dari ni tao moja refu lililopinda kama pipa lililopasuliwa katikati, nalo limefinyangwa kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji. Hiyo ilikuwa akili ya Steere mwenyewe. Nilisimama pale chini yake nikajisikia mdogo, na nadhani ndivyo nilivyotakiwa kujisikia. Ukubwa ni fani, na fani ina maudhui yake.

Mtembezaji akatuonyesha vitu kwa utaratibu. Hapa mbele ya altare, kwenye sakafu, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Akasema ndipo uliposimama mti wa kufungia watumwa na kuwachapa. Hapa kuna msalaba wa mbao uliochongwa kutokana na ule mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone mwaka 1873. Kuna dirisha la kumkumbuka Livingstone huyohuyo. Kuna kumbukumbu za mabaharia wa Kiingereza waliokufa katika doria za kupambana na majahazi ya watumwa. Na hili ni kaburi la Askofu Steere.

Kisha akatupeleka upande wa mlango mkubwa, penye nguzo nyembamba, akatuomba tuzitazame vizuri. Zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Akaeleza kuwa siku hizo Steere alikuwa safarini, mafundi wakazisimika kinyume, askofu aliporudi akaamua ziachwe hivyohivyo. Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana kijana alisimulia vizuri.

Lakini mwanafunzi wa fasihi ana ugonjwa wake: akishacheka hujiuliza kacheka nini. Nikawahesabu wahusika wa kisa kile cha jiwe. Livingstone ana jina, dirisha na msalaba. Steere ana jina na kaburi. Mabaharia wana kumbukumbu yao. Sultani na balozi wanatajwa. Sasa jiulize: waliojenga wametajwa wapi? Wametajwa mara moja tu, kwenye nguzo zilizopinduka. Kati ya kazi yote ile, kuta, matao, dari ambayo haijaanguka kwa zaidi ya karne moja, kitu pekee kinachosimuliwa juu ya mafundi ni kosa lao. Katika istilahi zetu wao ni wahusika bapa, tena wa kuchekesha. Na wale waliouzwa pale hawana hata kosa la kukumbukwa kwalo. Wao ni duara sakafuni.

Kisa cha namna hii si kigeni kwetu. Tumekwisha kukisoma katika Uhuru wa Watumwa (1934) cha James Mbotela, mtoto wa jamii ya watumwa walioachiwa huru kule Frere Town, Mombasa. Wahakiki wengi wamemlaumu Mbotela kwa kuwafanya Waingereza mashujaa wa kisa kizima, na watumwa kuwa watu wa kungoja kuokolewa. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini baada ya kutembezwa Mkunazini namwelewa Mbotela zaidi. Usimulizi wake una mpangilio uleule wa kanisa kubwa: mkombozi ana jina na umbo, mkombolewa ana kundi.

Lazima niseme pia kwamba jambo hili limeonwa. Mwaka 1998 uwanja wa kanisa uliwekwa sanamu za Clara Sörnäs, msanii wa Sweden: watu watano ndani ya shimo, wamefungwa minyororo ya kweli ya wakati ule shingoni. Na mwaka 2016, baada ya ukarabati mkubwa wa jengo, kilifunguliwa kituo cha maonyesho kinachoeleza habari za utumwa kwa kirefu. Hizi ni hatua za maana. Sanamu zile zina nyuso, na ukizitazama kwa muda unapata shida kuondoka. Hata hivyo, nazo zimebaki shimoni, zikitazamwa kutoka juu na sisi tulioshika tiketi.

Hadithi iliyomo ndani ya msalaba

Kabla ya kuingia Jumapili, turudi kidogo kwenye ule msalaba, kwa sababu ndio mfano mzuri zaidi wa jiwe (na mti) linalosema nusu.

Livingstone alipofariki Chitambo, waliokuwa naye walikuwa Waafrika watupu. Viongozi wao walikuwa Abdullah Susi na James Chuma. Chuma alikuwa Myao aliyetolewa utumwani mwaka 1861 akiwa kijana mdogo. Hawa na wenzao ndio walioukausha mwili, wakaubeba kwa miezi kadhaa mpaka Bagamoyo, ukasafirishwa na kuzikwa London katika Westminster Abbey mwezi Aprili 1874. Pamoja nao alikuwapo Jacob Wainwright, naye aliyekuwa mtumwa, akaokolewa baharini na kusomeshwa shule ya misheni huko Nasik, India. Moyo ulipozikwa chini ya mti, Wainwright ndiye aliyesoma ibada ya maziko. Wainwright ndiye aliyechonga maandishi kwenye gome la mti.

Kwa hiyo mti ule, kabla haujawa msalaba, ulikuwa ukurasa. Aliyeuandika alikuwa mtu aliyewahi kuwa bidhaa. Na ibada ya kwanza iliyohusiana na mti ule haikuongozwa na askofu yeyote chini ya dari yoyote. Iliongozwa porini na mtumwa wa zamani aliyeshika kitabu cha sala. Jumamosi ile sikusikia jina la Wainwright. Nilisikia jina la Livingstone mara nane, nilihesabu. Chuma alifariki mjini Unguja, katika hospitali ya misheni, mwaka 1882, mwaka uleule aliofariki Steere. Mgeni anayepita kanisani huonyeshwa kifo kimoja.

Jumapili: neno linavyosimulia

Ibada ya Kiswahili ya Jumapili haina watalii. Waumini si wengi kwa ukubwa wa jengo, maana Wakristo ni wachache Unguja, na wengi wa waliokuwapo walionekana kuwa watu wenye asili ya bara kama mimi. Nilikaa karibu na mama mmoja mtu mzima. Nikamwamkia, “Shikamoo mama.” Akaniitikia, “Marahaba mwanangu,” akanitazama mikono, akaona sina kitabu, akausogeza wake katikati yetu. Hakukihitaji. Ibada nzima aliisema kwa kichwa, na pale mimi nilipochelewa mstari alinionyesha kwa kidole bila kuacha kusema.

UMCA walikuwa Waanglikana wa mrengo unaopenda heshima za altare, na desturi hiyo imebaki: maandamano ya kuingia, mavazi, mishumaa, ubani unaopanda taratibu mpaka kwenye lile tao. Kwaya ikaimba, na hapo nikaelewa kazi ya dari. Sauti haipotei. Inakwenda juu, inakunjwa, inarudi kwako ikiwa nzito zaidi kuliko ilivyoondoka. Jumamosi tao lile lilinifanya mdogo. Jumapili lilichukua sauti za watu wasiofika hata nusu ya mabenchi likazifanya umati.

Basi nikaanza kusikiliza maneno, moja moja, kama tunavyofundishwa kufanya na shairi. Sitayanukuu maombi, nataka tuangalie msamiati wake tu.

Neno la kwanza ni Bwana. Linarudiwa tena na tena, wala hatulisikii tena kwa sababu ya mazoea. Lakini katika Unguja ya 1877 bwana alikuwa na mwenzake wa lazima: mtumwa. Bwana ni yule mwenye mtu. Watu walioachiwa huru jana walisimama mahali ambapo mabwana walipandishiana bei, wakalitwaa jina lile wakampa mmoja tu, asiyeonekana, asiyenunua.

Neno la pili ni kukomboa, pamoja na watoto wake: Mkombozi, ukombozi, kukombolewa. Kwetu sisi hii ni sitiari iliyokwisha kuchakaa. Kukomboa kwa asili ni kutoa mali ili kukirudisha kilichowekwa rehani au aliyechukuliwa mateka. Mmisionari alikuja na sitiari ya kidini. Msikilizaji wake aliipokea kama habari. Yeye alijua bei. Pengine alikumbuka hata sauti ya dalali. Ni mara chache katika fasihi kukuta neno ambalo kwa msemaji ni picha na kwa msikilizaji ni kovu.

La tatu ni mtumwa. Hili lina mzizi wa kushangaza: ni kitenzi -tuma, mtu anayetumwa. Kutoka mzizi huohuo tumepata mtume. Mwislamu wa Mji Mkongwe na Mkristo wa Mkunazini wote wanalitumia neno mtume kwa heshima ya juu, na wote wawili wamelichota kwenye kisima kimoja na neno la aibu kuliko yote. Katika Biblia ya Union Version ya 1952, mwanzoni mwa Waraka kwa Warumi, Paulo anaitwa yote mawili kwa mfululizo, mtumwa na mtume. Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990 ikaweka mtumishi badala ya mtumwa. Mfasiri aliona haya, na haya yake ni historia.

La nne ni huru. Leo huru na uhuru ni maneno ya bendera; tangu Desemba 1961 hakuna Mtanganyika asiyejua kulipigia kelele. Kabla ya hapo lilikuwa neno la mtu mmoja mmoja mwenye hati mkononi. Uhuru wa nchi umeazima nguo za uhuru wa mtumwa.

Na hapa niseme lililonifanya niandike makala haya. Kwetu ni Masasi. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka Unguja na kundi la watumwa walioachiwa huru, waliokuwa wakikaa kwenye makazi ya misheni ya Mbweni, kwa nia ya kuwarudisha pande za kwao karibu na Ziwa Nyasa. Safari ikaishia Masasi. Wakakaa, wakajenga kijiji, ikawa ndiyo mwanzo wa misheni. Bibi yangu mzaa baba, marehemu sasa, alikuwa akituambia tukiwa wadogo, “Sisi wa zamani tulitoka Unguja.” Alilisema kwa majivuno kidogo. Lakini ukimwuliza, “Bibi, na Unguja tulifikaje?” anakwambia kamenye mihogo. Katika nyumba ile neno mtumwa halikutamkwa. Hata kwa utani. Watu wa pwani na watu wa misheni wanajua: ukoo wa mtu hauchokonolewi.

Bibi huyohuyo alikuwa hakosi kanisani. Nikiwa nimekaa Mkunazini karibu na yule mama, nikisikia kukombolewa ikipanda kwenye dari na kurudi, ndipo nilipotambua kuwa bibi yangu alikuwa amelisema neno lile kila Jumapili ya maisha yake, kwa sauti, mbele za watu, bila haya. Nyumbani lilikuwa mwiko. Kanisani lilikuwa sala. Kisa chote alichokataa kunisimulia alikuwa akikisimulia kila wiki nami nimekaa ubavuni pake, nikihesabu tu lini ibada itakwisha.

Pingamizi na majibu yake

Nilipowasimulia wenzangu bwenini, mmoja akanikatiza. “Bwana wee, hiyo ni kasumba tupu. Wamewatoa kwa bwana mmoja wakawapa mwingine, na wewe unatuletea ubani.” Pingamizi hili si la kudharauliwa, na nadhani wasomaji wengi wa jarida hili watakuwa upande wake.

Ni kweli kwamba uhuru wa misheni ulikuwa na kamba yake. Waliookolewa walipewa majina mapya ya ubatizo, wakapangiwa shule, kazi na mahali pa kuishi. Ni kweli pia kuwa kumwambia mtu aliyekuwa mtumwa ajiite mtumwa wa Mungu kunaweza kumzoesha kuinama. Na ni kweli kwamba nyuma ya msalaba ilikuja bendera: mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Haya yote nayakubali.

Lakini pingamizi lile lina kasoro ileile ya mtembezaji wa Jumamosi. Nalo linamtazama mmisionari tu. Mmoja anamsifu, mwingine anamlaani, na kwa wote wawili waliokombolewa ni udongo wa kufinyangwa. Ushahidi unasema vingine. Miongoni mwa wavulana watano wa kwanza ambao Sultani Majid aliwakabidhi kwa misheni mwaka 1864 alikuwapo John Swedi. Mwaka 1879 akawa shemasi. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni, alipewa upadri mwaka 1890 na kwenda kufanya kazi Chitangali, kusini, kwa miaka mingi. Wanafunzi wa Kiungani, chuo cha misheni nje kidogo ya mji, walifanya kazi katika kiwanda cha chapa, na mwaka 1888 wakaanza kutoa gazeti la Kiswahili liitwalo Msimulizi. Hebu litazame jina hilo. Watoto waliotolewa majahazini hawakuliita gazeti lao Mkombolewa wala Mtumishi. Waliliita Msimulizi.

Na lugha yenyewe? Steere alichapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na mwaka huohuo mkusanyiko wake wa ngano. Tunamwita mwanzilishi. Lakini sarufi ile na ngano zile hazikutoka kichwani mwake. Zilitoka vinywani mwa watu wa mji ule. Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine waliotupwa pamoja Mbweni na Kiungani hawakuwa na lugha moja ila hii. Wakaifanya yao, wakasali kwayo, wakaibeba kurudi nayo bara kama walimu na mapadri. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa na nyayo hizo. Sisi tunaofanyia mitihani Kiswahili Sanifu tunapaswa kujua kuwa sehemu ya usanifu wake ilipikwa kwenye chungu kile.

Kwa hiyo nikimjibu mwenzangu nasema: maneno yale waliyapewa, sawa. Lakini msemaji akishapewa neno hakuna askofu awezaye kumchagulia atakalolikumbuka anapolisema.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba Kanisa Kuu la Mkunazini lina matini mbili. Ya jiwe inajulikana, inalipiwa kiingilio, na imetunzwa vizuri. Imejaa majina ya waliokuja kutoka mbali, na wenyeji wake ni duara, shimo na nguzo zilizopinduka. Ya neno haina kiingilio. Inasomwa kila Jumapili na watu wachache, na ndani yake wale wasio na majina wamehifadhi msamiati wa maisha yao: bwana, mtumwa, kukomboa, huru.

Kwetu wahakiki yako mambo mawili ya kufanya. La kwanza, tuikubali lugha ya ibada, ya kanisani na ya msikitini, kuwa uwanja halali wa fasihi simulizi. Tusiachie wanateolojia peke yao. La pili lina haraka zaidi. Masasi, Mbweni, Frere Town na kwingineko wapo wazee ambao hawatakwambia kamwe walikotoka babu zao ukiwauliza uso kwa uso na kalamu mkononi. Usiwaulize hivyo. Kaa nao wanaposali, wanapoimba, wanapozika, usikilize wanatua wapi na wanainua sauti kwenye neno gani. Mimi nilipata nafasi hiyo kila Jumapili kwa miaka kumi na zaidi, bure, na aliyekuwa akisimulia sasa amelala Masasi.

Dari la Steere litakarabatiwa tena siku zijazo, na ni vizuri. Wazee wetu hawakarabatiwi.